Mzabibu Hauhami

Tafakari ya Jumapili ya 5 ya Pasaka, Mwaka B
Masomo: Mdo 9:26-31, Zab 22, 1 Yoh 3:18-24, Yoh 15:1-8



Jumamosi ya wiki iliyopita, jioni, nilikuwa nikiandaa vyombo vya Misa hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Shinyanga. Nilipomimina divai kwenye kichupa, tone moja liliponyoka, likaangukia kitambaa cheupe na kuacha doa la rangi ya zambarau. Kijana mmoja aliyekuja kutusaidia kupanga mabenchi akasogea, akalitazama lile doa. Kucha zake zilikuwa na vumbi la mwamba, lile ambalo wenyewe mnajua halitoki kwa sabuni ya mche hata ukisugua vipi.

"Padre, hii ni ya Dodoma?" akauliza.

"Ya Dodoma, mwanangu."

"Naomba ninuse."

Nikampa chupa. Akaisogeza puani, akafumba macho, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Makutupora. Hii ni harufu ya kwa baba."

Tukaketi kwenye benchi, na aliyonisimulia ndiyo yaliyozaa tafakari hii. Baba yake ni mkulima wa zabibu kule Hombolo, Dodoma. Utoto wake umepita chini ya mizabibu: kupalilia, kufunga matawi kwenye waya, kufukuza ndege, kubeba ndoo wakati wa mavuno. Msimu mmoja zabibu ziliiva, wanunuzi hawakuja. Zikaozea shambani. Msimu uliofuata wakauza kwa bei ya kutupa. Akasikia kuna rashi ya dhahabu Mwakitolyo, akapanda basi. Sasa ana miaka 3 kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, na katika miaka hiyo amehama machimbo mara 5. Mwamba ukikata hapa, anabeba begi. Wakisema kule umetoka, anaufuata.

Nikamuuliza, "Na mzee?"

"Mzee yupo pale pale. Mzabibu hauhami, Padre. Ukiondoka wewe, wenyewe unabaki."

Usiku ule, nilipofungua Injili ya Jumapili hii, nikamkuta Bwana Yesu anajiita mzabibu wa kweli, anamwita Baba yake mkulima, na sisi anatuita matawi. Nimeisoma Injili hii miaka mingi. Safari hii niliisoma nikiisikia sauti ya kijana yule.

Zabibu ya nchi kavu

Makutupora ni jina la mahali, kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Watu wa Dodoma wanalijua kwa mambo mawili: maji na zabibu. Visima virefu vya bonde la Makutupora vimeunywesha mji ule kwa miaka mingi. Na huko huko ndiko kiliko kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Zabibu nyekundu ambayo imekuwa alama ya Dodoma inaitwa kwa jina hilo hilo la Makutupora.

Mzabibu ni mgeni katika nchi yetu. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya divai katika vyungu vya udongo huko Georgia, kusini mwa milima ya Kaukazi, yenye umri wa miaka karibu 8,000. Ulikuwepo pia Kanaani, ambako wapelelezi wa Musa walikata kichala kimoja wakakibeba watu wawili kwa mti. Ulivuka bahari hadi Ugiriki, Roma, Ufaransa. Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, uliletwa na wamisionari Wakatoliki, walioupanda Bihawana katikati ya karne ya 20. Kanisa haliwezi kuadhimisha Ekaristi bila tunda la mzabibu. Sheria zetu zinadai divai ya asili, itokanayo na zabibu, isiyoharibika. Basi kilichopandwa kwenye shamba la misheni kikawa, kadiri miaka ilivyopita, zao la maelfu ya wakulima wa kawaida, kama baba wa kijana wetu.

Nani angeichagua Dodoma? Ugogo ni nchi ambayo masimulizi yake yamejaa njaa. Kwa mwaka wa kawaida mvua haifiki milimita 600. Inanyesha kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni jua tupu na upepo. Kumbe ukame ule ule unaoua mahindi, mzabibu unaupenda. Mizizi yake inashuka chini sana kutafuta unyevu. Mvua nyingi wakati wa kuiva ndiyo inayouletea ukungu na kuozesha vichala. Jua kali la mchana na ubaridi wa usiku wa nyanda za juu ndivyo vinavyoivisha utamu.

Ndugu zangu wa Shinyanga, sikieni hapa. Sisi nasi tumeitwa nchi kavu. Wapo waliokuja wakatutazama, wakaona vumbi tu. Mungu hachagui udongo kama tunavyochagua sisi. Hata moyo uliokauka kwa sababu ya msiba, deni au dhambi ya miaka mingi, kwake ni shamba.

Wekundu uko kwenye ganda

Labda wengi wenu hamjawahi kuonja divai nyekundu ya Makutupora. Nitawaeleza kwa mambo mnayoyajua. Ikigusa ulimi, kwanza inakuja ladha ya tunda, kama zambarau iliyoiva hadi kupasuka. Halafu unakuja uchachu unaojaza mate mdomoni. Mwisho unakuja ukakasi, ule unaokaza ulimi na ufizi, kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Ukakasi huo unabaki kinywani hata baada ya kumeza. Asiyezoea hukunja uso. Aliyezoea anajua kwamba divai nyekundu isiyo na ukakasi imepungukiwa kitu.

Nilimuuliza kijana, "Wekundu wote huu unatoka wapi?" Akacheka. "Watu wanadhani ni juisi. Ukiikamua zabibu nyekundu peke yake, maji yake ni meupe. Rangi iko kwenye ganda."

Ni kweli. Zabibu nyingi nyekundu, ukizimenya, ndani ni nyeupe. Wekundu na sehemu kubwa ya ukakasi vimefichwa kwenye ganda na mbegu. Ili upate divai nyekundu, zabibu zinapondwa, kisha juisi inaachwa ikae pamoja na maganda yake ichachuke. Hamira inaugeuza utamu kuwa kilevi, chombo kinapata joto, povu linapanda, maganda yanaelea juu, na mtu anayashindilia chini mara kadhaa kwa siku. Siku zinapita, wiki inapita. Taratibu maganda yanaachia rangi yake. Wakulima wa Dodoma huita kinachotoka hapo mchuzi wa zabibu, na mara nyingi huo mchuzi ndio wanaouuza kwa viwanda. Ukikamua haraka na kutupa maganda, hutapata divai nyekundu, hata kama zabibu yako ni nyekundu kuliko zote.

Ninyi mnaoishi na karasha, mashine ya kusaga mawe, mchana na usiku mnaelewa jambo hili kuliko mimi. Jiwe linapotoka duarani, anayepita njiani haoni dhahabu. Linapondwa, linasagwa, linapelekwa mwaloni, linaoshwa, na hata hapo bado kuna kazi ya kuchenjua. Thamani ilikuwemo tangu mwanzo, ila imejificha.

Bwana wetu aliyasema maneno ya mzabibu usiku wa kuamkia mateso yake, mezani pamoja na wanafunzi wake. Saa chache baadaye naye alipondwa. Upendo uliokuwa ndani yake siku zote, uliowaponya wakoma na kuwalisha wenye njaa, ulidhihirika wote juu ya msalaba. Kila tunapoinua kikombe tunaikumbuka saa ile. Mkiona leo maisha yanawaponda, msikimbilie kusema Mungu amewatupa. Muulizeni ni kitu gani kizuri ndani yenu anachotaka kitoke.

Niseme pia neno kwa upendo, kwa sababu nazungumzia divai katika machimbo. Maandiko yanaisifu divai kuwa inafurahisha moyo, na Bwana aliitengeneza nyingi kule Kana ili familia isiaibike kwenye harusi yao. Maandiko hayo hayo yanasimulia kwamba Nuhu, mtu wa kwanza kutajwa kupanda shamba la mizabibu, ndiye pia wa kwanza kutajwa kulewa, na ulevi wake ulileta laana ndani ya nyumba yake. Pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini mwezi Machi 2017, lakini gongo haijaisha, na siku ya mgao wa mapato ni siku ya vilio katika nyumba nyingi. Kina mama wananiambia. Tunda la mzabibu linapotumika kumvunja mke na kuwalaza watoto njaa, limegeuzwa kuwa kinyume cha lile alilolitaka aliyeliumba.

Mkasi wa mkulima

Katika Injili ya leo, neno linalowatisha wengi ni lile la Baba kuyakata matawi. Nilimwomba kijana anieleze kazi hiyo inavyofanyika. Akatoka nje, akachuma kijiti cha mwarobaini, akarudi nacho.

"Hili tufanye ni tawi lililozaa," akasema. Akalipima kwa kidole kutoka kwenye shina. "Jicho la kwanza, jicho la pili. Hapa." Akavunja kwa ukucha. Kipande kikubwa kikaanguka sakafuni, mkononi kikabaki kijiti kisichozidi kidole. "Vyote hivi tunatupa. Yanabaki macho mawili."

"Mengi hivyo?"

"Padre, ukiuonea huruma unakupa majani."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, nami nimelitafakari wiki nzima. Kule Ulaya mzabibu una majira yake ya kulala. Baridi inakuja, majani yanapukutika, mti unapumzika miezi kadhaa, ndipo unaamka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Jua linawaka mwaka mzima, na mzabibu ukiachwa unaendelea kuota tu, majani juu ya majani, matawi yanatambaa, na vichala vinakuwa vidogo na vichache. Mti haujui kupumzika wenyewe. Ni mkulima anayeuletea mapumziko: anapunguza maji, anauacha utulie, halafu anashika mkasi. Kwa sababu hiyo Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mavuno ya mwanzoni mwa mwaka yanayofikia Machi, na ya Agosti hadi Septemba. Kila mavuno yametanguliwa na mkasi. Majira haya tunayosoma Injili hii, wapo wakulima ambao wameshika mikasi wakiyaandalia mavuno ya Agosti.

"Na ukishakata," akaongeza, "unalia."

"Nani analia?"

"Mzabibu. Pale ulipokata panatoa maji, tone, tone, tone. Nilipokuwa mdogo nilidhani tumeuua. Baba akaniambia, ukilia ujue mizizi ni mizima."

Wapendwa, sisi wa machimbo tunafanana na mzabibu wa nchi isiyo na baridi. Kazi yetu haina majira. Maduara hayafungwi kwa sababu ni usiku, karasha halizimwi kwa sababu ni Jumapili. Mtu akipata, anataka zaidi; akikosa, anasema kesho. Tunaota majani: simu mpya, pikipiki mpya, nyumba ndogo ya pili, madeni mapya. Kwa mbali tunaonekana kijani. Lakini mke aliyebaki Maswa au Kwimba anauliza, tunda liko wapi?

Hapo Baba anashika mkasi. Katika Kiyunani alichoandikia Yohane, neno la kupogoa na neno la kusafisha ni ndugu wa tumbo moja. Mara tu baada ya kusema Baba hupogoa, Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba wao wamekwisha kuwa safi kwa lile neno alilowaambia. Mkasi wa kwanza wa Mungu, basi, ni Neno lake. Linakata uongo tuliozoea, linakata urafiki unaotuangamiza, linakata kiburi. Sisemi kwamba kila ajali na kila ugonjwa umeletwa na Mungu ili kutukata. Mwamba unaoporomoka kwa sababu mtu alibana matumizi ya matimba, magogo ya kushikilia duara, ni dhambi ya mtu, tusimsingizie Mungu. Nasema hivi: yale anayotuomba tuyaache, tukiyaachia mikononi mwake, hayatuui. Tutalia. Tukilia, tujue mizizi ni mizima.

Kaeni

Neno linaloibeba Injili ya leo ni kukaa. Katika aya hizi 8 tu, kwa Kiyunani, linatajwa mara 7. Yesu hakuwaambia wanafunzi wafanye jitihada ya kuzaa. Aliwaambia wakae ndani yake, na tunda lingekuja. Hakuna tawi linalokazana kutoa zabibu. Tawi kazi yake ni kutobanduka.

Neno hili ni gumu Mwakitolyo. Hapa ukimuuliza mtu, "Unakaa wapi?" atakujibu, "Nyumbani ni Misungwi, hapa nipo tu." Tupo tu. Tunajenga kwa maturubai na mabati kwa sababu kesho huenda tutahama. Siwalaumu. Dhahabu yenyewe inahama, na mwisho wake unajulikana. Hata migodi mikubwa ni hivyo: Buzwagi, jirani zetu wa Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009, na kufikia 2021 uzalishaji wake ukawa umekoma. Mzabibu ni kinyume chake. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, mkulima anamwagilia kwa imani tu. Lakini ukishakomaa na kutunzwa vema, unavunwa miaka na miaka. Huko Maribor, nchini Slovenia, upo mzabibu mmoja wa zabibu nyeusi, umetambaa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, una umri unaozidi miaka 400 na bado unazaa. Wafalme wamekuja na kuondoka, vita vimepita mbele ya mlango ule, wenyewe umekaa pale pale.

Historia ya mizabibu inatupa pia onyo na tumaini. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika, aliingia Ufaransa na kuanza kuishambulia mizizi. Mashamba yaliyorithiwa kwa vizazi yakakauka, na ugonjwa ukaenea nchi nyingi za Ulaya. Walijaribu dawa za kila aina. Kilichoiokoa mizabibu ile ni kubebesha, kama tunavyobebesha miembe na michungwa: matawi ya Ulaya yaliunganishwa na mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake inamstahimili mdudu yule. Tawi likabaki na ladha yake na jina lake, lakini uhai likaupata kwenye mzizi wa mwingine. Ndivyo tulivyo sisi tuliobatizwa. Msukuma anabaki Msukuma, Mgogo anabaki Mgogo, mchimbaji anabaki mchimbaji, na uhai wetu unatoka kwa Kristo. Ukitutenga naye, tunaweza kubaki kijani siku mbili tatu, kisha tunakauka.

Wala msiseme kukaa ni jambo la wageni. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, walitenga sehemu ya malisho, wakakubaliana mifugo isiingie, nyasi zikae hadi kiangazi. Miti yetu ilipokwisha na nchi kuanza kuitwa jangwa, ulikuja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, nao ulifanikiwa kwa kuirudia hekima hiyo ya wazee. Sehemu nyingi hawakuhitaji hata kupanda. Waliiacha ardhi ikae, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Mizizi ilikuwepo. Rafiki yangu unayesoma ukisema, "Mimi nimekaa mbali na sakramenti miaka 10, nimekwisha," kumbuka visiki vya Shinyanga.

Lakini mtu anayehamahama atakaaje? Hapa ndipo Injili inapotufungulia mlango. Kristo hakusema tukae Hombolo wala tukae Mwakitolyo. Alisema tukae ndani yake. Unaweza kuwa tawi lake ukiwa Geita, Chunya au Mwakitolyo. Ukihamia machimbo mapya, kabla hujatafuta duara la kuingia, tafuta jumuiya ndogondogo ya pale. Usikubali mwaka mpya ukukute huna watu wanaolijua jina lako la ubatizo. Na kama una mke na watoto, rudi. Kukaa na Kristo huku umewatupa uliopewa naye haiwezekani.

Barnaba wetu yuko wapi?

Somo la kwanza linatuonyesha upande wa pili wa jambo hili. Sauli alifika Yerusalemu akataka kujiunga na wanafunzi, wote wakamwogopa. Walikuwa na sababu, kwa maana historia yake ilijulikana. Barnaba akamshika mkono, akampeleka kwa mitume, akamsimulia habari zake. Bila Barnaba tawi lile lingebaki nje ya mti.

Machimbo yamejaa kina Sauli. Watu wamekuja hapa wakikimbia deni, kesi, ndoa iliyovunjika, zabibu zilizooza. Kijana wangu wa Hombolo aliniambia kwamba kwa miaka 3 amesali nyuma kabisa ya kanisa na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Nilisikia aibu, maana mimi ndiye mchungaji. Kesho yake, Jumapili, nilimwita mbele baada ya matangazo, nikamtambulisha kwenu. Mama mmoja wa jumuiya akasimama akasema, "Mwanangu, Jumatano tunasali kwangu. Utakuja kula." Huyo mama ni Barnaba.

Somo la pili halituachi tuishie kwenye maneno. Yohane anatutaka tupende kwa tendo na kweli. Hatujasahau Nyangarata, Kahama, mwaka 2015: wachimbaji walifunikwa na ardhi mwezi Oktoba na kutolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa wadudu, vyura na maji ya kudondoka. Tuliwashangilia, na ilikuwa haki. Lakini upendo wa kweli unaanza kabla ya maporomoko. Kwa hiyo wiki hii nawaomba mambo manne.

Mwenye duara, kagua matimba kabla hujamshusha mtoto wa mwenzako. Ukiona yameoza, usisubiri mgao ujao.

Unayechoma zebaki, usiichomee nyumbani wala jikoni. Mvuke wake hauonekani, lakini unaingia kwenye mapafu ya mtoto na kuharibu mishipa yake ya fahamu.

Kila mmoja, mtafute mgeni mmoja kwenye njia unayopita kila siku, umuulize jina na nyumbani kwao.

Na kila mtu aliye mbali na kwao, apige simu nyumbani. Usisubiri upate ndipo upige. Anayekaa akikusubiri anataka kwanza kuisikia sauti yako.

Kijana wangu alipiga Jumapili mchana, nikiwa naye. Alisalimia kwa Kigogo, kisha akauliza kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, "Baba, mmeshapogoa?" Sikulisikia jibu. Nilimwona tu amegeukia ukutani, akajifuta macho kwa kiganja kile chenye vumbi la mwamba. Alipokata simu akaniambia, "Anasema safu mbili ameziacha. Ananisubiri mimi."

Tusali

Baba mkulima, tunakushukuru kwa Mwanao, mzabibu wako wa kweli, uliyempanda katikati ya nchi yetu kavu. Utukate pale tulipoota majani tu. Tunapolia, utuonyeshe kwamba mizizi yetu bado ni mizima. Uwalinde wanaoshuka duarani usiku huu, na wale wanaowasubiri majumbani. Uwabariki wakulima wa zabibu ambao kwa jasho lao tunapata cha kukutolea altareni. Na sisi tunaohamahama utujalie mahali pamoja pa kukaa, ndani yake yeye anayeishi na kutawala nawe milele. Amina.